Vidole Vinne vya Gahongayire

Jumanne tarehe nane Julai, saa mbili asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Habiyaremye alishuka bondeni chini ya Kagarama na madumu yake mawili, akakuta alama ya mkewe imefutwa kwa rangi.

Ukingoni mwa bwawa la wakulima ulisimama mti wa kupimia, kila familia na alama yake, kila alama na upana wake wa vidole, ndilo fungu la maji la familia hiyo. Bwawa lilichimbwa kwa majembe, Jumamosi za umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, na kila mtu alipata maji kwa kadiri alivyochimba. Mwaka ule Habiyaremye alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo aliyechimba ni Gahongayire. Daftari likaandikwa jina lake: vidole vinne, vya juu kabisa. Mwezi wa nne, miezi mitatu kabla ya Jumanne hiyo, akafariki, akiacha kitaluni miche ya kabichi aliyoiotesha mwenyewe.

"Muzehe, marehemu hamwagilii," alisema Mugenzi, mwenyekiti wa kamati, macho kwenye simu.

"Kabichi zake hazijafa."

"Basi leta cheti cha kifo, tuhamishe jina."

Akaleta. Mugenzi akakisoma mara mbili, akasema cheti kinathibitisha kwamba amekufa, na aliyekufa hana fungu la kuhamisha. Vidole vinne alishapewa Kenny, shemeji yake Mugenzi, anayeosha magari kule juu barabarani. Habiyaremye aliishia darasa la pili, lakini hilo alilielewa vizuri sana.

Alhamisi koki ya bwawa ikafunguliwa. Maji ya wengine yakashuka kama kawaida. Ya Gahongayire yakabaki juu, unene wa vidole vinne, yametandazwa hewani kama shuka, na chini yake nafasi ya mita nzima. Bata mmoja aliendelea kuogelea juu yake.

"Hata alipokuwa hai, ukimsukuma hasogei," alisema Swafiya, muuza dodo, yaani mchicha, akarudi kufunga mafungu yake.

Kenny akatega pampu, ikavuta upepo. Akachota kwa ndoo, ikatoka kavu.

"Shemeji, yamegoma."

"Chota tena. Ni yako."

Habiyaremye akachovya dumu lake. Likajaa mpaka shingoni. Bonde zima liliona. Alikuwa amemaliza tuta moja la kabichi Mugenzi alipomshika mkono.

"Muzehe, unaiba."

"Maji yananijua."

"Daftari halikujui."

Kesho yake kamati iliweka mlinzi, Armel, kijana mwenye adabu, aliyemwamkia Habiyaremye kila asubuhi na kumzuia kila asubuhi. Jua la Julai halikumsubiri mtu. Kabichi zilianza kujikunja pembeni, zikageuka njano, tuta baada ya tuta, huku maji yake yakimeremeta juu ya vichwa vya watu. Agosti sakafu ya bwawa ilipokauka, mwenyekiti alihamishia miche yake chini ya yale maji, maana palikuwa na kivuli kizuri. Ilistawi.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, Habiyaremye, aliyebakiwa na kabichi sita, alisimama akauliza jambo moja. Mugenzi akasema tuendelee na ajenda ya rangi ya mti wa kupimia. Lakini Aurore, katibu, alikuwa ameshaliandika, akaacha nafasi ya jibu, na nafasi hiyo iko tupu hadi leo: kama maji ni ya Kenny, yanamngoja nani?