Kasuku Amepona

Siku Kasuku aliporuhusiwa kutoka hospitali, baba yake, fundi cherehani, alifunga kibanda na kumbeba binti yake begani mtaa mzima kama anayetembeza kombe. Malaria ilikuwa imempanda mtoto kichwani, ikamtia degedege hadi akapoteza fahamu, na majirani walikwisha kuanza kunong'ona habari za maziko. Sasa huyo hapo, mzima, macho yanang'aa. "Amepona!" fundi aliwaambia hata wasiouliza. Na nani angembishia?

Jina la Kasuku alilipata kwa mdomo wake. Alikuwa na miaka mitano tu, lakini akikaa chini ya meza ya cherehani na kuanza kuchonga domo, wateja walisahau kilichowaleta. Aliyerudi kutoka wodini alikuwa mtoto mwingine. Ukimwita, hageuki. Ukimtuma maji, anakuletea tabasamu. Akisema, anafoka, utadhani anagombana na wakubwa zake.

"Hospitali wamemdekeza," fundi alitoa hukumu. "Kubembelezwa kutwa, biskuti kila asubuhi, sasa kavimba kichwa."

"Baba Kasuku, mimi naona kama hayuko sawa," mkewe alisema.

"Hayuko sawa wapi? Daktari kasema kapona. Wewe umekuwa daktari lini?"

Mkewe akarudi jikoni. Wanaume wa namna hii wakishapata jibu hawaliachii, na fundi wetu alikuwa mbishi wa kupindukia. Alianza kwa kumfinya mtoto sikio, akaja kwenye makofi, halafu akachukua rula ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Kasuku alipigwa kwa kutoitika, kwa kutokuja, na kwa kuja asipoitwa. Hakujua anapigwa kwa lipi, kwa hiyo hakujirekebisha, na kutojirekebisha kukawa kosa jingine. Inauma hata kusimulia. Polepole akaacha kufoka, kisha akaacha kusema kabisa.

"Unaona?" fundi alimwambia mkewe. "Adabu imeanza kumwingia."

Asubuhi moja Kasuku alikuwa amechuchumaa barabarani mbele ya kibanda, anaokota vipande vya vitambaa vilivyopeperushwa na upepo. Ikaja pikipiki imebeba magunia, inapiga honi mfululizo. Mtaa wote uligeuka. Mtoto hakuinua hata shingo. Dereva akakata kona, akatumbukia mtaroni na magunia yake, akainuka amefura kwa hasira.

"Mzee, huyu mtoto wako kiziwi au vipi?"

Alikuwa anatukana tu, kama madereva wanavyotukana. Lakini fundi alibaki amesimama na mkasi mkononi. Akamwita mwanawe kwa nyuma, taratibu, kisha kwa nguvu. Kasuku aliendelea kuokota vitambaa vyake.

Siku hiyohiyo wakarudi hospitali. Daktari, yule yule aliyempokea mtoto na degedege lake, alipiga makofi nyuma ya kichwa cha Kasuku, akagonga sinia la chuma, akapuliza filimbi. Mwisho akaketi.

"Hutokea malaria ikipanda kichwani, baba. Inaondoka, lakini haiondoki mikono mitupu."

"Masikio yatarudi, dokta?"

"Yangekuwa ya kurudi, nadhani tungekwisha kuona dalili. Sitaki kukudanganya."

"Sasa mbona mlituambia amepona?"

Daktari alimtazama kwa uchovu. "Wiki ile tulilaza watatu wenye hali kama yake. Wawili walitoka wamefunikwa shuka. Wako alitoka anatembea. Kwetu sisi, huko ndiko kupona."

Fundi alitaka kumtukana, akashindwa. Utamtukanaje mtu aliyekuokolea mtoto? Hasira ilikosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliyakumbuka yale makofi, moja moja.

Walipofika uani alipiga magoti mbele ya binti yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi, kisha kwa kelele ya kupasua koo, machozi yakimtiririka. Mkewe alimsikia jikoni. Majirani walimsikia, wakatoka milangoni. Kasuku aliona mdomo wa baba yake umefunguka, umepanuka, na alijua vizuri kinachofuata mdomo huo. Akafumba macho, akajikinga uso kwa mikono miwili, akasubiri.