Vifungo vya Kiraka

Mtu akikuambia jina lako liko mwisho wa mchezo, mwombe akuonyeshe papo hapo. Mimi sikuomba. Aliyeniambia ni mdogo wangu, tumbo moja, na nilidhani hiyo inatosha.

Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu ni mtu wa kompyuta. Nyumbani tunamwita Profesa tangu alipoifungua redio ya baba akashindwa kuifunga. Miaka mitatu iliyopita alikuja kibandani kwangu na wazo la mchezo: kijitu kinakimbia, kinaruka mashimo, kinakwea kuta, na nchi inapita nyuma yake mpaka mwisho. Kuchora hajui. Akalitazama kapu langu la vipande vya nguo, akasema, dada, nishonee hiyo nchi.

Nikashona. Miezi minane, Jumapili zote. Vilima vya suruali za jinzi, mto wa bitana za makoti, na miiba ya mashimoni nikapanga pini zangu mwenyewe. Kijitu chenyewe, Kiraka, nikamshonea koti jekundu lenye vifungo vitatu upande wa kulia, kama koti lolote la kiume. Kwa anga ya hatua ya mwisho nilikosa bluu niliyoitaka, nikakata gauni la marehemu mama. Lilikuwa limebaki hilo moja tu. Nililia nikilikata, na Profesa alikuwepo, akanishika bega.

Kosa lilikuwa moja. Kwenye cherehani, kulia kwa sindano kuna mwili wa mashine. Nafasi ya kutandaza iko kushoto. Basi nchi ya Kiraka niliianzia kulia, nikawa naongeza vipande kwenda kushoto, mita kwa mita. Profesa alipokuja kupiga picha alishika kichwa: katika michezo ya aina hii mtu hukimbia kwenda kulia. Nikamwambia nitafumua. Akasema hakuna muda, akazigeuza picha zote kwenye kompyuta, zikawa kama zinatazamwa kwenye kioo. Kiraka naye akageuka, na vifungo vyake vikahamia upande wa kike. Niliviona siku hiyo hiyo nikanyamaza, ingawa fundi mwenye haya hatoi kitu kama hicho nje ya kibanda.

Mchezo ukavuma. Watu hawakusifu kuruka wala kukimbia. Walisifu nyuzi, pindo na viraka, wakasema hawajaona nchi kama ile. Profesa akahamia ofisi yenye vioo, akaajiri watu, na vitambaa vyangu vyote akavibeba, eti kwa usalama. Nilipouliza kuhusu jina langu akajibu, "Lipo, dada. Ukimaliza mchezo, majina yote yanapita. Utaliona."

Mimi na michezo ni mbalimbali. Lakini jina ni jina. Nikacheza wiki tatu, kila mchana wateja wanapopungua. Nilikufa kwenye pini zangu mwenyewe. Nilizama kwenye bitana niliyoikata kwa mkono wangu. Na mchezo wenyewe haukuruhusu kurudi. Ukishapita mahali, pamefungwa. Nilipofika chini ya gauni la mama nilimsimamisha Kiraka, nikalitazama ua dogo la pindoni ambalo mama alikuwa akilichezea kwa vidole akiongea. Kisha nikamvusha shimo la mwisho.

Majina yakapita. Profesa, wazo na sanaa. Mpiga muziki. Wa hesabu za kompyuta. Paka wa ofisini, kwa jina lake kamili. Mwisho kabisa, shukrani kwa familia. Kesho yake niliumaliza tena, nikidhani labda nilipepesa macho.

Nikampigia. Hakukana. Alisema watu wanapenda habari za mtu mmoja, wawili wanawachanganya. Kwamba mahojiano yameshafanyika. Kwamba gauni liko kwenye fremu pale mapokezi na limetunzwa vizuri. Kisha akapoza sauti, kama anayenionea huruma. "Halafu dada, tuseme ukweli. Kushona si kuchora."

Na palepale akaniomba nianze kushona nchi ya mchezo wa pili, ya theluji, maana wafanyakazi wake wamejaribu na haifanani.

"Kama kushona si kuchora," nikamwambia, "basi chora."

Nikakata simu. Asante ya punda ni mateke. Nilizoea kuwaambia wengine.

Juzijuzi alikuja mteja mgeni, mwalimu wa kike, na picha ya Kiraka kwenye simu. Alitaka koti lile lile, la kumvika mumewe, siku yake ya kuzaliwa. Nilishona siku mbili kwa raha ambayo baadaye niliionea aibu. Vifungo nikaviweka kulia, mahali pake.

Alipokuja kulichukua aliligeuza mara mbili tatu, akasikitika kwa adabu. "Fundi, vifungo umekosea. Vya Kiraka viko upande wa kike. Aliyembuni alieleza kwenye mahojiano kwamba aliviweka hivyo makusudi, ndiyo alama yake."

Nikamwambia Kiraka nilimshona mimi.

Alinitazama, akatazama kibanda, cherehani na kapu la vipande. Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgonjwa. "Sawa, mama. Ijumaa litakuwa tayari?"

Nikasema litakuwa tayari. Alipoondoka nilichukua wembe, nikakata nyuzi za vifungo vyote vitatu, nikavishona upande wa pili. Matundu niliyoyatoboa mahali pake nikayaziba kwa uzi mwekundu, moja moja, mpaka yakawa hayaonekani.