Palm Haisahau

Mume wangu Elimringi na mwenzake Noel, madereva wa utalii, walirudi kutoka kreta wamejaa vumbi, wakaanza tena ligi yao ya kubishana. Kila mmoja alipewa kompyuta ya kiganjani na mgeni wake. Noel akasifia yake ya Windows, kwamba kioo chake kina rangi. Elimringi akajibu kwamba yake, ya Palm, haili betri, wala haisahau kitu. Nimewachoka! Ugali ulikuwa unapoa mezani.

Palm ikalia. Noel akasoma kioo: "Inakukumbusha umpigie mama."

"Hiyo ni ya mzungu aliyenipa. Sijaifuta bado," Elimringi akasema, akaizima.

Mama yake yuko Machame. Kila Krismasi, ndugu wengine wote wakishapanda mlimani nyumbani, mama humtengea Elimringi fungu lake la nyama, mpaka linaoza.