Njia ya Juu ya Paa

Kabla ya mwaka ule nilikuwa nimeona theluji mara mbili tu hapa Ain Sefra, na mara zote iliyeyuka kabla chai haijaiva. Kwa hiyo Jumanne, nilipoona barafu imeshika kizingiti, nilimwaga birika zima la maji ya moto. Kufika adhuhuri maji yale yalikuwa yameganda, yakashikamanisha mlango wa chuma na jiwe. Mimi mwenyewe ndiye niliyetufungia ndani.

Ndani tulikuwa mimi, mkwe wangu Setti, mke wa mwanangu, na mwanawe wa siku tano ambaye hata jina hajapewa. Mwanangu alikuwa kazini katika mji wa mbali wa Oran, na barabara zilikuwa zimefungwa. Alasiri mtungi wa gesi ukaisha.

"Mama, mshike miguu," Setti akasema.

Niliishika. Ilikuwa baridi kama shaba. Setti akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nami nikavua shali na kitambaa changu cha kichwa nikawafunika. Tulisukuma mlango tena. Haukutikisika.

Nikapanda ngazi za uani mpaka kwenye mlango wa paa. Theluji ilifika magotini. Nikagonga sufuria kwa mwiko.

"Harusi ya nani hiyo?" Jirani yangu Yamina alichungulia kutoka paa lake.

"Yamina! Gesi imekwisha, mtoto anapoa, na mlango umeganda!"

"Umegandaje?"

"Niliumwagia maji ya moto."

"Ewe mwanamke!" Akachungulia uani kwake. "Hata mimi nimemwaga."

Basi hakuna wa kutoka kwao wala kwetu. Ilibaki njia ya juu, ile tunayopita wanawake kuombana chumvi.

"Goti langu halivuki theluji hii," Yamina akasema. "Ngoja."

Nilijua amekwenda kumwomba nani. Mumewe, Bouhafs, tumekuwa naye majirani miaka arobaini, na hajawahi kukanyaga juu kule mchana, wakati ambapo paa ni la wanawake. Hata uchochoroni hanitazami usoni. Nilisubiri, vidole vikifa ganzi, nikidhani amekataa.

Kisha nikasikia sauti ya kiume, imekauka kwa haya: "Njia! Njia, jamani! Anapita mwanamume!"

Alikuwa amejifunika kofia ya joho lake la sufu mpaka kidevuni, akiburuta mtungi kwa kamba.

"Kushoto!" Yamina akapiga kelele. "Kushoto kwako, si kwangu! Inua mguu, kuna ukuta!"

"Nauona."

"Unauonaje na umefunika macho?"

"Basi siuoni. Niongoze, mke wangu."

Akaanguka kifudifudi. Akainuka, hakufunua macho. Nami nilikuwa kichwa wazi, nikajificha nyuma ya mlango.

Akaweka mtungi, akageuka mgongo. "Hajja, mtoto analia?"

"Halii tena."

Kisha akavua joho, akaliweka juu ya mtungi. "Mvisheni. Bado lina joto." Akarudi kwao akiwa na shati tu, macho ameyafumba, akipapasa ukuta.

Niliushusha mtungi ngazi baada ya ngazi. Tukawasha jiko, tukamviringisha mtoto katika sufu ile yenye harufu ya kondoo na tumbaku. Jua lilikuwa linazama alipolia, kwanza kidogo, halafu kwa hasira.

Ng'ambo ya ukuta nikamsikia Yamina: "Msikie huyo! Haya sasa, kaa karibu na moto, acha kutetemeka."

Mlango ulikaa umeganda siku mbili zaidi, na njia ilibaki ile ya juu.