Kumtoa Jacky Satellite

Mutiso, dereva mwenzake, alimshauri Dalmas tangu asubuhi aingize lori kwa kurudi nyuma, ili wakati wa kutoka liwe limeshaelekea lami. Dereva yeyote wa Nairobi angefanya hivyo. Lakini Dalmas, ambaye alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na miwili na kuwafundisha nusu ya madereva wa kampuni yao, alikataa. Nyuma kulikuwa na jeneza la bintiye, aliyefariki kwa homa ya mapafu akiwa na miaka kumi na tisa, na familia ilitaka apitishwe mlangoni kwao, mtaani Satellite, kabla ya safari ya Bungoma.

"Jacky hataingia kwao kinyumenyume," alisema, akaliingiza lori kichochoroni kwa mbele.

Sasa maombi yalikuwa yamekwisha. Kichochoro kilikuwa na ukuta wa mawe upande mmoja, mtaro mpya wa mabomba ya maji upande wa pili, na lami ilikuwa hatua mia mbili nyuma yao. Aliporudi nyuma kidogo tu, ukingo wa mtaro ulimomonyoka na lori likainama. Waombolezaji wakalishika jeneza kwa mikono yote.

Kila mtu akawa fundi. Huyu anasema kata kulia, yule kushoto. Mzee mmoja akashauri jeneza lishushwe, libebwe kwa mikono mpaka lami. Dalmas akasema hapana. Hatamshusha mtoto wake kando ya mtaro.

Akazima injini. Akashuka, akalizunguka lori polepole, akichuchumaa kwenye kila gurudumu. Aliwaomba waombolezaji washuke, jeneza likabaki peke yake, limefungwa kamba. Kisha akaomba mawe, akayapanga mwenyewe chini ya gurudumu lililozama. Thuo, mwenye ukuta, ambaye wapangaji walimwogopa kwa ukali wake, akamsogelea. Dalmas akangoja maneno.

"Ukiukwaruza, ukwaruze tu, Baba Jacky," Thuo alisema. "Ni mawe."

Mutiso alisimama upande wa ukuta. Upande wa mtaro alisimama Naliaka, mke wa Dalmas, aliyekataa kumwachia mtu mwingine nafasi hiyo, akiashiria kwa leso. Lori likasogea kiasi cha kiganja, likasimama, likasogea tena. Dalmas alikuwa ametulia kabisa, hata akajionea haya. Duniani kulibaki kioo, gurudumu na mkono wa mkewe.

Ilichukua karibu saa nzima. Walipofika lami watu walishusha pumzi, waombolezaji wakapanda, na barabara mbele yao ilikuwa wazi. Dalmas akaingiza gia ya kwanza, lakini mguu ukakataa kuachia klachi. Kule kichochoroni kulikuwa na kazi. Hapa ilibaki Bungoma tu, na kaburi lililokuwa likichimbwa.

Naliaka alipopanda, alimkuta ameng'ang'ania usukani, machozi yakimdondoka kifuani. Hakumwambia anyamaze.

"Umemtoa vizuri," alisema. "Sasa mwachie Mutiso."

Dalmas akazima injini, akashuka, akaenda nyuma, akapanda kati ya waombolezaji na kuketi sakafuni, bega lake likiwa limeegemea jeneza. Mutiso akawasha injini, lori likashika njia.