Jirani wa Kanyiva

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigonga-gonga kabla jogoo hajawika. Kanyiva hakukituliza. Alitaka muthokoi uive polepole, mahindi yaliyokobolewa yazoeane na maharagwe, kwa sababu Kiema hula sahani mbili kisha akaomba ukoko. Alikuwa hivyo tangu utotoni.

Watu wa Zombe walimwita Meya. Alikuwa meya wa mji kweli, kabla kaunti hazijaja na kuvifuta viti vile. Kiti kilikwenda, jina likamganda. Sasa alitaka Bunge la Nairobi, na jana alituma ujumbe kwamba angepita asubuhi. Kanyiva alijua anachofuata. Mtu hafungi safari kubwa kabla mkubwa wake hajamnyunyizia maji ya baraka. Maji yalikuwa tayari kibuyuni, na gauni la mkutano wake wa kampeni wa Jumamosi alikuwa amelinyoosha chini ya godoro.

Kiema alikuwa mtoto wa nyumba yake. Kanyiva aliachwa mjane bila mtoto, akafanya kama walivyofanya wajane wa Ukambani tangu zamani: alitoa ng'ombe na mbuzi, akamwoa msichana Nduku ili azae na nyumba isizimike. Kitanda hakimo katika jambo hilo. Ni nyumba na jina tu. Nduku alizaa mvulana, naye akapewa jina la marehemu. Nduku alipokufa mtoto akiwa darasa la pili, Kanyiva ndiye aliyemlea, na mtoto akamwita mwaitu, mama yetu.

Jua lilipochomoza gari likaingia uani. Walishuka watatu: Kiema, Jonah aliyemwendeshea kampeni, na Idris dereva. Idris peke yake alivua viatu mlangoni.

"Umeamkaje, susu?" Kiema alisema.

Kanyiva alimtazama. Susu ni nyanya yeyote unayekutana naye njiani.

"Nimeamka vizuri. Keti ule kwanza."

"Leo hatuli," Jonah alisema. "Tuna mikutano mitano mpaka Kwa Vonza."

Kisha akaeleza. Mpinzani wao alisimama jukwaani akasema Meya baba yake ni mwanamke, watu wakacheka, na video ikafika Nairobi. Sasa wakubwa wa chama walikuwa wakiuliza maswali.

"Si muwaeleze," Kanyiva alisema. "Hata mchungaji wetu hapa, nyanya yake alioa."

"Nairobi hawaelezwi, susu. Wanacheka kwanza."

Akatoa simu ya kumrekodi. Alitaka Kanyiva aseme kwamba Nduku alikuwa kibarua wa shambani, na yeye ni jirani tu aliyemwonea huruma yatima.

"Kibarua aliyezaa na nani?"

Jonah akacheka. "Hilo hatutakuuliza."

Kanyiva akamgeukia Kiema. "Nikisema hivyo, mama yako atakuwa nani? Na mimi nikifa, ni nani wa nyumba hii atakayenizika?"

Kiema alikuwa akitazama saa. Akainama, akamshika mkono. "Mwaitu," alisema polepole. "Ukikataa, nimekwisha."

Alijua alikoliweka neno lile, na siku ya kulitoa. Moyo wa Kanyiva ukawa maji.

Basi akasema. Jonah akamsimamisha kwa sababu kuku alilia katikati. Akasema tena. Jonah akatikisa kichwa.

"Usilie, susu. Jirani halii."

Mara ya tatu ilikuwa safi. Kiema akatoka akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Nduku. Kanyiva akafurahi kidogo. Alidhani anakwenda kumsalimu mama yake. Kiema akarudi na msalaba wa mbao begani, mchanga ukidondoka. Ulikuwa umechongwa NDUKU WA NYUMBA YA KANYIVA. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuchongesha, mwaka ule alipopata umeya.

"Huo niachie," Kanyiva alisema. "Nitauficha chini ya kitanda."

"Umezeeka. Utasahau, uwaonyeshe watu."

Jonah akauvunja kwa goti ili uingie kwenye buti ya gari.

Idris ndiye aliyechelewa. Alitokea nyuma ya nyumba akipangusa mikono. "Nimeweka jiwe pale kichwani pa kaburi, mama," alimnong'oneza, "usipoteze mahali." Kisha akachukua sahani iliyokuwa imepakuliwa, akala amesimama, harakaharaka, mpaka ukoko, akashukuru. Kanyiva akaliweka hilo moyoni.

Gari liliponguruma, Kanyiva alilifuata na kibuyu. Kiema akateremsha kioo nusu. Barabarani wanawake wawili wenye madebe ya maji walikuwa wamesimama wakitazama.

"Inamisha kichwa nikunyunyizie."

"Si hapa," Kiema alisema bila kufungua midomo sana. "Jirani habariki."

Kanyiva akaurudisha mkono, kibuyu kikiwa kimejaa vile vile. Aliwatazama wale wanawake, akamtazama mtoto aliyemlea, na akapaza sauti kiasi cha kusikika mpaka barabarani.

"Asante kunipitia, jirani," alisema. "Siku ukipata nafasi, uje tena."