Kiti cha Zenon

Theluji ya ziwa haina adabu. Umemaliza kuizoa, upepo unageuka kutoka majini na kuleta nyingine. Halafu gari la jiji linalofungua barabara linapita na kuirudisha yote mlangoni kwako. Wanaokaa kwenye maghorofa ya ufukweni wanasema ziwa ni zuri. Sisi wa mtaa huu tunalijua kwa mgongo.

Asubuhi ile nilishika beleshi la marehemu mume wangu, Zenon, nikazoa hadi nikapata nafasi ya gari moja mbele ya nyumba. Nikaweka pale kiti chake cha jikoni. Hapa Chicago aliyezoa ndiye mwenye nafasi, na kiti kinamsemea. Ukikitoa ukaegesha, usishangae kukuta matairi hayana upepo.

Jirani yangu Rigoberto alikuwa anazoa kwake.

"Mama Genowefa, umenunua gari?"

"Nafasi ni ya padri. Usiiguse."

"Niguse kiti cha mjane? Mimi bado naipenda roho yangu."

Kila mwaka baada ya Noeli padri huzipitia nyumba zetu sisi Wapolandi, akazibariki na kuandika kwa chaki juu ya mlango herufi za kwanza za majina ya Mamajusi na mwaka. Chaki ya mlangoni kwangu iliandikwa Zenon akiwa hai. Tangu nimzike, nyumba haijaombewa, nami silali vizuri ndani yake. Safari hii angekuja Padri Kamil, mgeni parokiani, ingawa ni mzaliwa wa mji huu.

Nikatandika kitambaa cheupe, nikaweka msalaba, mishumaa na maji ya baraka. Kisha nikakaa dirishani kulinda. Magari yalipunguza mwendo, yakakiona kiti, yakaenda zake. Gari moja dogo la kijivu lilipita, likarudi, likapita tena. Nikasema moyoni, nenda zako ndugu, hapa pana mwenyewe.

Simu ikalia.

"Mama Genowefa, ni Padri Kamil. Nimezunguka mtaa wenu mpaka kichwa kinaniuma. Hakuna pa kuegesha."

"Papo, Padri. Mbele ya nyumba yangu."

"Pale pana kiti, Mama."

"Kiti ni changu. Nimekuwekea wewe."

"Mama, baba yangu alinifundisha mambo mawili: kusali, na kutogusa kiti cha mtu."

"Basi rudi."

"Nimeshafika kwa watu wengine. Nikipata upenyo nitapita. Nikikosa, tuseme wiki ijayo."

Wiki ijayo! Na theluji ilikuwa imeanza tena. Nilimeza neno ambalo ningelazimika kuliungama kwake yeye mwenyewe. Nikavaa koti, nikatoka.

"Hajaja tu?" Rigoberto akauliza.

"Alikuja. Mimi nikamwangalia akipita."

Nilisimama nikikitazama kile kiti. Nikikitoa, gari la kwanza litaingia. Nikikiacha, padri atakiheshimu tena. Nikakikalia.

"Mama, utaganda hapo."

"Wewe zoa theluji yako."

"Nazoa. Ila ukiganda, nafasi hiyo hatakunyang'anya mtu mpaka Pasaka."

Nikatoa rozari mfukoni. Magari ya kijivu ni mengi mji huu, nami sikuwa nimeiona sura ya dereva. Kila lililopunguza mwendo nililipungia mkono. Madereva nao wakanipungia, kwa heshima zote, wakapita.